Baada ya Mita

Ndugu msomaji, yapo mambo ambayo mtu wa umri wangu angeweza kuyanyamazia hadi akazikwa nayo, na asidaiwe na mtu. Hili la mabomba lilikuwa mojawapo. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyeanguka mbele ya macho yangu nikapata wa kumnyooshea kidole. Isitoshe, koki ninazozilalamikia nilizinunua mimi mwenyewe, nikiwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa wetu hapa Mhunze, kwa michango ya nyumba 26, na risiti ninayo mpaka leo. Kwa hiyo atakayedhani ninamshambulia jirani yake, na ajue kwamba mshtakiwa wa kwanza ni mwandishi.

Niseme kwanza tulikotoka, maana vijana wanaonibishia hawakuyaona. Nilipokuwa mdogo, kiangazi kikishika, mama zetu walikuwa wanachimba mchanga katika mto uliokauka, wanakaa ukingoni mwa shimo wakisubiri maji yajikusanye, kisha wanayachota kwa kata, kidogo kidogo, kama mtu anayeokota mtama uliomwagika. Ng'ombe nao walikuwa na lambo lao, ambalo watu walilitumia pia walipokosa pengine. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1974 ukaanza mradi wa visima vifupi wa Shinyanga, kwa msaada wa Uholanzi, na pampu za mkono zikasambaa. Mwaka 1991 ulipofika, wengi wetu bado tulikuwa tunasukuma baiskeli zenye madumu. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nchi hii ilijaribu.

Kisha mwaka 2009 ulifunguliwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, na baadaye matawi yake yakafika mpaka kwetu. Siku maji ya ziwa yalipotoka Mhunze niliona mama mtu mzima amekinga viganja chini ya koki, hanywi, haogi, anayatazama tu yakipita katikati ya vidole. Simlaumu hata mmoja anayesema kwamba baada ya hapo kulalamika ni utovu wa shukrani.

Walakini nitalalamika. Maji yale yanavutwa ziwani, yanatiwa shabu ili tope ligande na kuzama, yanachujwa, yanatiwa klorini, yanapandishwa kilimani, yanasafiri zaidi ya kilomita 100 katika bomba ambalo wahandisi walilipigia hesabu, lina walinzi, lina wapimaji. Yanafika mbele ya nyumba yangu yakiwa yamegharimu taifa fedha zisizosemeka. Hapo yanapita katika mita. Mamlaka inamalizia kazi yake kwenye mita; baada ya mita bomba ni langu, fundi ni wangu, koki ni yangu, na hasara ni yangu. Zimebaki kama hatua 15 kufika kwenye kikombe cha mtoto. Na katika hatua hizo 15 tunayakabidhi maji kwa kitu cha bei ya chini kuliko vyote tulivyovikuta dukani siku ile.

Nilifundisha kemia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu mwaka 2015, na ndiyo sababu aibu yangu ni kubwa kuliko ya jirani. Nilikuwa ninajua. Kila mwaka niliwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba shaba ya manjano ni aloi ya shaba na zinki. Nilichokuwa nikikiruka, kwa sababu hakikuwa katika mtihani, ni kwamba watengenezaji huongeza humo risasi kidogo, pengine sehemu mbili au tatu katika mia, na katika koki nyingine zaidi, ili chuma kile kilainike kwenye mashine na nyuzi zake zichongwe bila kukwama. Ninasema risasi ya madini, ile nzito ya kijivu, si ya bunduki. Ingawa lugha yetu haikukosea kuziita jina moja. Koki inayong'aa kama fedha dukani haikutengenezwa kwa fedha. Ule mng'ao ni ngozi tu iliyopakwa juu. Ndani, pale maji yanapolala usiku kucha, hapakupakwa kitu.

Katika kibaraza tunachonywea kahawa yuko mzee mwenzangu ambaye alikuwa bwana afya. Nilipomweleza haya alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema, "Mwalimu, wewe unafukuza panya katika nyumba inayoungua. Kipindupindu kinaua mtu kwa siku moja. Hiyo risasi yako imemuua nani?"

Ninaheshimu hoja hiyo kuliko anavyofikiri. Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilikuwa kimezuka tena katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia mama mwenye mtoto anayeharisha kwamba ahangaikie aloi. Klorini kwanza, choo kwanza, mikono kwanza. Lakini hoja ya mzee mwenzangu ina tundu. Inachukulia kwamba tukishughulikia kimoja lazima tukiache kingine, kana kwamba koki salama ingeleta kipindupindu. Tena inapima madhara kwa kuhesabu majeneza peke yake. Risasi haina haraka. Kwa kiasi kidogo haimwangushi mtoto, inamchelewesha. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu ambacho hakina madhara. Mwaka 2020 UNICEF ilitoa taarifa pamoja na shirika la Pure Earth kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watatu duniani, yaani watoto kama milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiwango kinachotakiwa kuchukuliwa hatua. Haikutoka katika koki peke yake. Iko katika betri kuukuu, rangi, sufuria, migodi. Lakini ni mtoto mmoja yuleyule anayeibeba yote.

Mimi nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka 30. Nimewaona wale ambao hawashiki somo hata ukilirudia mara nne, tukawaita wazito, tukawachapa. Sidai kwamba walikuwa na risasi. Wengine walikuwa na njaa tu. Ninachosema ni kwamba tulikuwa wepesi mno wa kutoa hukumu, na fimbo haikuwa kipimo cha damu.

Sasa nirudi kwenye maji yenyewe, kwa sababu hapa Kishapu tuna jambo ambalo watu hawalioni ingawa wanalishika kila siku mikononi. Akina mama, jaribuni kukumbuka sabuni. Maji ya visima vyetu vingi yalikuwa magumu: unasugua sabuni inakatika vipande, povu haliji, na sufuria inabaki na ukoko mweupe. Maji ya ziwa ni laini. Kipande kidogo cha sabuni kinajaza karai povu. Tulifurahi, na ni haki yetu kufurahi, hasa sisi ambao visima vyetu vilikuwa vimewaachia watoto meno ya kahawia kwa madini ya floraidi. Lakini kila jambo lina upande wa pili. Maji magumu hupaka ule ukoko wake ndani ya bomba, likawa kama limepigwa lipu, na maji hayagusani tena na madini ya bomba. Maji laini hayana cha kupaka. Na shabu inayotumika kusafishia huyaongezea uchachu kidogo, uchachu ambao mitambo inatakiwa kuurekebisha kabla ya kuyatoa. Maji laini yaliyolala katika koki mpya ya shaba ya manjano huanza kuilamba. Usiku mmoja wa joto la Shinyanga unatosha kabisa kuanza kazi hiyo.

Kama unaona ninatia chumvi, soma habari za mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 wakubwa wa mji ule, kwa nia ya kubana matumizi, waliacha maji waliyokuwa wakiyanunua Detroit wakaanza kutumia maji ya mto wa hapohapo, na hawakutia ile dawa inayozuia maji yasile mabomba. Mji ulikuwa na watu kama 100,000. Watu wakalalamikia rangi na harufu. Wakaambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka uleule kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanatia kutu vipuri. Hebu tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Injini ziliokolewa Oktoba 2014. Watoto walisubiri mpaka daktari mmoja wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipotoa hadharani takwimu za damu zao Septemba 2015. Na hiyo ni nchi yenye maabara kila kona.

Warumi nao walikuwa wamekwisha kuambiwa. Msanifu wao Vitruvius, kabla ya karne ya kwanza kuanza, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni bora kwa afya kuliko ya mabomba ya risasi, akatoa ushahidi wa nyuso zilizopauka za mafundi wa risasi. Walimsoma, wakaendelea. Sisi nasi tumekaa kwenye foleni ileile.

Lakini nilitaka ushahidi wa hapahapa. Nilikuwa nimebaki na koki mbili. Moja ilikuwa mwenzake wa zile nilizowagawia watu, ya shilingi 4,500. Nyingine nilinunua baadaye kwa shilingi 22,000, muuzaji akiniapia kwamba hiyo ndiyo ya uhakika. Nikaenda katika shule moja ya sekondari ambako mwanafunzi wangu wa zamani sasa anafundisha kemia. Aliniamkia kama zamani, "Shikamoo, Mwalimu," akanifungulia maabara siku ya Jumamosi.

Tulisugua kila koki kwa tupa tukapata vumbi lake, tukaliyeyusha katika asidi ya naitriki mbali na pua zetu, likawa la rangi ya buluu kwa sababu ya shaba. Tukachuja. Tukaongeza maji, kisha matone ya asidi ya salfuriki. Mwenye kukumbuka kidato cha tatu atajua sababu: shaba na zinki hubaki zimeyeyuka, lakini risasi hugeuka unga mweupe na kuzama. Katika ile koki ya 4,500 unga ulishuka kabla sijarudisha kizibo cha chupa, mweupe kama sembe. Nilikuwa nimeutegemea. Tukafanya ile ya 22,000. Nayo ikatoa unga. Mchache zaidi, lakini ulikuwepo, umekaa chini ya kioo unatutazama.

Mwanafunzi wangu akaniuliza, "Sasa, Mwalimu, tofauti ya 17,500 ililipia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na hotuba yangu tayari kichwani, kwamba umaskini unatufanya tununue sumu na kwamba tungejinyima kidogo tungekuwa salama. Hotuba ile iliishia mezani pale. Bei ilikuwa imenunua mng'ao na boksi zuri. Na nikiri jambo jingine ambalo wapinzani wangu watalisema nisipolisema: unga ule unaonyesha kwamba risasi imo ndani ya koki, hauonyeshi ni kiasi gani kinachoingia katika kikombe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 katika lita moja ya maji. Hicho ni kiasi kidogo mno, hakionekani kwa asidi yangu ya shule wala kwa jicho la mtu. Kinataka mashine. Nikauliza katika maabara moja ya maji. Vipimo vya kawaida ni rangi, tope, chumvi na vijidudu, na cha risasi ni cha kuagiza na kulipia peke yake, kwa kila sampuli. Nikapiga hesabu ya nyumba 26 na pensheni ya mwalimu. Nikarudi nyumbani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa muuza duka kwenda mahali panapostahili. Mwenye duka Mhunze hajui kilichomo ndani ya koki kama mimi nisivyojua kilichomo ndani ya redio. Fundi bomba wetu, kijana mwema, mchapakazi, amejifunza kazi kwa kumbebea mkoba fundi mwingine. Yeye anachoogopa ni plastiki. Amesikia kwamba mabomba ya plastiki yanaleta saratani, kwa hiyo kila anapoweza humshauri mteja atumie chuma kilichopakwa zinki, "cha wazee". Amekosea, tena kwa nia njema. Bomba jeusi la polithini lenye mstari wa buluu, na lile la PPR linalounganishwa kwa moto, yakiwa yametengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, hayana risasi ya kutoa. Yale magumu ya PVC yanategemea yalitengenezwa wapi na kwa dawa gani, maana viwanda vingi vilizoea kutumia chumvi za risasi ili plastiki isiungue mashinani. Ulaya wenyewe waliweka sheria ya kuzuia jambo hilo mwaka 2023. Na zinki inayopakwa juu ya chuma mara nyingi huwa na risasi kidogo ndani yake. Kwa hiyo fundi anawakimbiza watu kutoka mahali pa usalama kuwapeleka mahali pa mashaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumketisha nusu saa akamweleza.

Na plastiki ya kuogopwa kweli ipo, ila haiko ukutani. Iko mnadani. Nenda siku ya mnada utayaona mapipa ya buluu na madumu yanauzwa kwa bei ya kutupa, yameoshwa kwa Omo, na wanunuzi wanayagonga kwa vidole kama wanaochagua mitungi. Sisi tunaishi katika ukanda wa dhahabu. Kati ya Geita na Kahama, na katika machimbo madogo yasiyohesabika, dhahabu inatolewa kwa zebaki na kwa sayanaidi, na kemikali hizo hazisafiri katika vikapu. Kanuni za kimataifa za sayanaidi zinataka chombo chake kisitumike tena kwa kitu kingine chochote. Pipa lililopanda lori na kushuka mnadani haliwezi kukusomea kanuni hizo. Nilimuuliza muuzaji mmoja lake lilikuwa na nini. Akasema, "Juisi, mzee." Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu. Nani anakwangua lebo ya juisi?

Rafiki mmoja aliniambia nisiwasumbue watu, kwani dawa ni rahisi: wachemshe. Neno hilo lilinirudisha mwaka 1973, nilipokuwa kijana wa miaka 18, tukakusanyika chini ya mwembe kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Tulichimba vyoo, tukafundishwa kuchemsha maji, na ninaamini kampeni ile iliokoa watu wengi kuliko mahubiri yote niliyosikia tangu hapo. Lakini kuchemsha kunaua kilicho hai. Risasi haiko hai. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na risasi inabaki ileile katika maji machache zaidi. Floraidi vivyo hivyo. Bibi anayeinjika sufuria ya maji ya kwanza ya alfajiri, akayaacha yatokote sana ili mjukuu awe salama zaidi, anamkolezea.

Sasa watu huniuliza ninataka nini. Ninataka vitu vichache na havihitaji Ihelele nyingine. Shirika letu la Viwango lipo tangu mwaka 1975. Koki ni bidhaa ya kuingia kinywani, na ikaguliwe kwa ukali uleule wa unga wa sembe: ipimwe risasi yake kabla ya kutoka bandarini, na kiwango kiandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili. Wamarekani walipiga marufuku mabomba ya risasi mwaka 1986, lakini kwa miaka mingi sheria yao iliruhusu koki yenye risasi sehemu 8 katika 100 iitwe haina risasi. Ilipofika 2014 wakashusha hadi robo ya sehemu moja. Maana yake koki salama inatengenezeka. Maana yake pia kwamba zipo koki ambazo haziwezi tena kuuzwa kule, na mtu hahitaji shahada kujiuliza zinatafuta soko wapi. Watafiti waliopima mitambo ya maji vijijini katika Ghana, Mali na Niger, wakachapisha matokeo mwaka 2021, walikuta vifaa vingi vya shaba ya manjano vikizidi kiwango hicho cha robo, na karibu mtambo mmoja katika kila 11 maji yake yalikuwa yamepita kikomo cha Shirika la Afya Duniani. 

Ninataka pia mamlaka za maji, ambazo hazikosei kusoma mita mwisho wa mwezi, zivuke mita mara moja kwa mwaka katika nyumba chache za kila mji na shule zote, zichukue kikombe cha kwanza cha asubuhi, zipime risasi, zibandike majibu ofisini. Wataniambia bomba la ndani si lao. Vema. Lakini mtoto ni wa nani?

Baada ya ile Jumamosi ya maabara nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu. Nilijua nikizungumza watu watauliza nani alinunua koki. Hatimaye niliomba nafasi katika mkutano wa mtaa, nikasimama na risiti mkononi, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, bila Vitruvius. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mama mmoja, ambaye mchango wake ninakumbuka aliulipa kwa mafungu matatu, akasema, "Mwalimu, tulikupa hela kwa sababu wewe umesoma." Hakusema kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali. Kijana mmoja akadai nirudishe fedha, wengine wakamzomea, mzee wangu wa kahawa, yule bwana afya, akasimama akanitetea, kitu ambacho sikukitarajia, akasema afadhali anayekiri kuliko anayebadilisha mada, kisha papo hapo akaongeza kwamba bado anaona ninafukuza panya.

Tulikubaliana jambo moja linalowezekana bila fedha: kila nyumba ifungulie maji ya asubuhi yajaze ndoo moja kwanza, hiyo iende kwenye bustani, kufulia, au kusafishia choo, na ya kunywa yakingwe baada ya hapo, kwa sababu yaliyolala ndani ya koki ndiyo yaliyobeba mzigo. Katika nchi iliyokuwa ikichota kwa kata mtoni, kumwambia mtu amwage ndoo ya kwanza chini kungekuwa tusi. Kwa hiyo hatukusema amwage. Tulisema ampe mchicha.

Mjukuu wangu anasoma darasa la pili. Kabla ya haya yote alikuwa na tabia ya kuamka, kwenda uani akiwa bado na usingizi, kuweka mdomo moja kwa moja kwenye koki na kunywa kabla ya shule. Nilikuwa ninamwangalia kutoka dirishani kwa fahari, nikijiambia kwamba mimi nilikunywa na ng'ombe lakini huyu anakunywa ziwa. Sasa nimemfundisha kujaza ndoo. Ananiuliza kila mara, "Guku, mchicha haudhuriki?" Nimemwambia udongo unaishika, nusu ya ukweli, na nimehamisha mchicha tunaoula upande wa pili wa ua, ndoo inakwenda kwenye mpapai mdume usiozaa.

Nyumba ninazozipitia asubuhi nikienda kununua mkate, naona 11 zinajaza ndoo. Zilizobaki zinakinga moja kwa moja katika birika la chai.